Stempu za majahazi na meli: niliyojifunza kwa kukusanya na kugawana

Ukitaka kukusanya stempu Dar es Salaam, anza na wastaafu. Posta Mpya zipo stempu mpya, na ni vizuri kupita dirishani mara kwa mara, lakini hazina yenyewe imo kwenye makabati ya watu waliofanya kazi enzi za barua: makatibu muhtasi, makarani wa reli na bandari, walimu, wauguzi, mafundi waliosomea ng'ambo wakaendelea kuandikiana na wenzao. Bahasha zimefungwa kwa mpira, zimetiwa ndani ya kopo la biskuti, kopo limepandishwa juu ya kabati, na hakuna mwingine nyumbani anayejua ndani mna nini. Familia ikihama, zinachomwa pamoja na magazeti.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mkusanyaji wa hapa ni kubisha hodi. Unakwenda na salamu zako, unakaa, unasikiliza, wala huanzi kwa kuomba. Shangazi yangu alikuwa katibu muhtasi kwa miaka mingi, na ndiye aliyenifungulia njia. Alinipeleka kwa rafiki zake wa kazini mmoja mmoja, Ilala, Chang'ombe, Upanga, akinitambulisha kuwa huyu ni mwanangu, anapenda karatasi za zamani. Wengi wao walifurahi kuliko nilivyotegemea. Mtu akishika bahasha aliyoipokea akiwa kijana, maneno yanakuja yenyewe: nani aliandika, alikuwa wapi, habari gani ilikuwemo. Siku hizi natembea na kadi ndogo tupu, ninaandika wanayosema pale pale, kwa sababu stempu ikishatengana na maelezo ya mwenyewe huwezi kuyapata tena popote.

Mimi ninafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha, karibu na bandari. Kutwa ni majina ya meli, makontena na hati za mizigo. Nilipofikia mahali pa kuchagua mada moja, badala ya kupokea kila stempu inayokuja, sikupata taabu: vyombo vya majini. Jahazi, mashua, ngalawa, meli, pantoni, chochote kinachoelea kilichochorwa kwenye stempu za Afrika Mashariki. Nje ya hapo ninapokea kwa shukrani, ila ni kwa ajili ya kuwapa wengine.

Kuna wakusanyaji wazuri wanaopanga kwa nchi na mwaka, na sina ugomvi nao. Lakini kupanga kwa nchi kunakufanya ujaze nafasi: hii ninayo, ile sina. Kupanga kwa mada kunakulazimisha uulize maswali. Chombo hiki kilikuwa cha nani? Kilibeba nini? Waliotoa stempu walikuwa na vitu vingapi vya kuchora, kwa nini wakachagua hiki?

Chukua kurasa za mwanzo za albamu yangu. Wa kwanza una stempu ndogo nyekundu ya heller 7½ ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Iliyochorwa ni Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaiser Wilhelm II. Wajerumani waliitumia picha hiyo kwenye makoloni yao, hapa kwetu kuanzia 1901. Utaikuta Togo, utaikuta Kamerun, utaikuta Samoa, kinachobadilika ni jina la koloni na thamani. Za mwanzo zetu ziliandikwa thamani kwa pesa, jina la sarafu ndogo ya wakati huo, 64 kwa rupia moja. Mwaka 1905 zikaja za heller, 100 kwa rupia.

Ukurasa unaofuata ni wa stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, zile wakusanyaji wanaziita K.U.T. Zilianza 1935 zikiwa na Mfalme George V, na kuanzia 1938 zikawa na George VI. Miongoni mwake ipo ya jahazi likiwa Ziwa Victoria. Halafu unafika 1969, nchi zote tatu zimeshapata uhuru lakini bado zinatumia posta moja, na unakuta seti ya stempu nne za usafiri wa majini. Humo mna M.V. Umoja, S.S. Harambee na M.V. Victoria.

Zilaze kurasa hizo tatu mezani kwa pamoja. Kwanza meli ya starehe ya mfalme wa mbali, ambayo mkazi wa Dar es Salaam hakuwa na nafasi ya kuikanyaga. Kisha chombo cha tanga ambacho watu wa hapa wanakijua, kikiwa kwenye fremu moja na kichwa cha mfalme wa Uingereza. Kisha meli za umma, zinabeba abiria na mizigo yetu, mbili zina majina ya Kiswahili. Sikuisoma historia hiyo mahali popote kwa mpangilio huo. Imejitokeza kwa sababu stempu hizo, ambazo katika albamu ya kawaida zingekaa mbali kabisa, zimekutanishwa na kitu kimoja kinachoelea.

Stempu ya jahazi la ziwani ilinifundisha jambo lingine, kwamba anayejua mada yako si lazima ajue stempu. Niliipiga picha, nikaikuza kwenye simu, nikaenda nayo Feri asubuhi mnada wa samaki ulipokuwa umepoa. Nilimwonyesha baharia mmoja mtu mzima aliyekuwa anashona tanga. Alifuta mikono, akaishika simu, akapita kwa macho kuanzia mlingoti mpaka foromali, ule mti wa kushikia tanga, mpaka tezi, nyuma ya chombo.

"Hili jahazi la wapi, dada?"

"Ziwa Victoria, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Ziwani hakuna kaskazi wala kusi. Sasa wao walikuwa wanangoja upepo gani?"

Sijawahi kusikia swali zuri kama hilo kutoka kwa mkusanyaji yeyote. Huku pwani maisha yote ya jahazi yalifuata pepo hizo mbili: kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi hivi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikivirudisha. Niliporudi nyumbani nilianza kutafuta. Ziwa kubwa kama lile lina pepo zake za kila siku: mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Chombo hakina haja ya kungoja msimu, kinangoja saa. Na ufundi wenyewe wa majahazi ulifika ziwani katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wanafuata njia za misafara. Nilimrudia yule mzee nikamweleza. Akatikisa kichwa akasema, "Basi wana raha." Maelezo hayo yote sasa yako kwenye ukurasa wa stempu ile, na swali lake nimeliandika juu kabisa.

Kuhusu kubadilishana, mwalimu wangu ni mzee mmoja wa Upanga aliyestaafu reli. Yeye anakusanya treni tu. Ukienda kwake unakuta meza imeshatandikwa kitambaa cheupe, kibano kipo, kioo cha kukuzia kipo, na chai haisogei karibu ya meza hiyo hata iweje. Siku moja nilimpelekea stempu nilizozibandua kwenye bahasha za rafiki wa shangazi. Alizipitia polepole, akaishika moja kwa kibano, akaiweka upande wake. Ilikuwa Umoja, ya senti 30.

"Mzee, hiyo ni meli," nikasema.

"Ni meli, ndiyo. Lakini imejengwa kwa ajili ya nani? Ndani yake mna reli, mwanangu. Behewa linaingizwa Mwanza na mzigo wake, halipakuliwi, linatokea Kisumu au Port Bell ya Uganda kama lilivyo. Hii ni njia ya reli, isipokuwa imekatiza maji."

Akaanza kunieleza kazi ilivyokuwa inafanyika: mabehewa yanavyosukumwa taratibu na kichwa cha treni, yanavyogawanywa kushoto na kulia ili chombo kisielemee upande mmoja, yanavyofungwa yasitembee maji yakichafuka. Alichora kwenye karatasi nafasi ya kila kitu. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaamua stempu ibaki kwake. Kwangu ingekuwa picha ya meli ya tatu kwenye safu. Kwake inakaa katikati ya ukurasa, ina mchoro wa mkono pembeni na maelezo ya mtu aliyeyajua mabehewa hayo kwa namba. Meli yenyewe imeendelea kuvusha mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell mpaka miaka ya karibuni, kwa hiyo ukurasa wake bado unaongezeka.

Miezi baadaye alinipa bahasha nzima yenye stempu ya M.V. Victoria na muhuri wa Bukoba unaosomeka vizuri. "Hii haina reli," akasema, akaisukuma upande wangu. Hakukuwa na hesabu ya nani anamdai nani. Tangu hapo ndivyo ninavyobadilishana na watu wote: stempu inakwenda kwa yule atakayeiandikia zaidi. Vitabu vya bei, Stanley Gibbons cha Waingereza na Michel cha Wajerumani, ninavitumia sana, lakini kwa kutambua stempu ni ipi na ya mwaka gani. Bei iliyoandikwa mle ni ya duka la Ulaya na stempu safi isiyo na dosari. Ukibadilishana kwa bei hizo hapa, mtoto mwenye bahasha nzuri ya Mtwara atajiona hana kitu mbele ya mtu mzima mwenye stempu za kununua, na hapo mchezo umekufa.

Muhuri nao nimeuheshimu kwa sababu ya bahasha ile ya Bukoba. Kabla ya hapo nilikuwa napenda stempu isiyo na alama. Sasa, kwa mada yangu, iliyogongwa vizuri naiweka mbele, hasa kwenye stempu za pamoja. Zile za K.U.T. na za Jumuiya zilikubalika nchi zote tatu, majina ya nchi yakibadilishana nafasi, na picha ya kitu kilichoko Uganda ilibandikwa kwenye barua ya Tanga bila tatizo. Kwa hiyo picha haikuambii barua ilitoka wapi. Muhuri ndio unakuambia, na wakati mwingine unakuambia mpaka saa. Bahasha yenye muhuri unaosomeka usiiloweke kamwe. Iache nzima, hata kama imechakaa.

Zile za kuloweka, maji ya uvuguvugu yanatosha. Kata karatasi kuzunguka stempu, acha nafasi pembeni, uyaache meno ya ukingo wa stempu yote mazima. Ilaze majini uso ukiwa juu, subiri. Usiivute. Gundi ikilegea utaona stempu inaanza kuteleza juu ya karatasi yake, ndipo uichukue kwa kibano na kuisuuza mgongo kwa kidole, taratibu, mpaka utelezi uishe. Ikaushe kwenye karatasi nyeupe isiyo na wino, uso ukiwa chini, kisha ikandamize ndani ya kitabu kizito. Bahasha za rangi, hasa nyekundu na zambarau, ziloweke peke yake, kwa sababu rangi yake huhamia kwenye stempu na haitoki. Za kujibandika, zinazokuja kama stika, nyingi hazitoki kwa maji kabisa: zikate na karatasi yake uziweke hivyo hivyo.

Dar es Salaam ina adui mmoja mkubwa, unyevu. Masika ikianza, stempu mpya zenye gundi zinashikana zenyewe ndani ya bahasha. Mimi ninaweka albamu zikiwa zimesimama, mbali na ukuta wa nje, ndani ya kasha linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ninazifungua kila siku ya jua zipate hewa kivulini. Selotepu isiguse stempu hata kidogo. Nimepewa stempu nzuri za Zanzibar zilizobandikwa kwa selotepu kwenye daftari, na gundi imeshapenya mpaka usoni, imeacha ukanda wa kahawia ambao hauna dawa.

Nimezitaja za Zanzibar, na kwa mkusanyaji wa majahazi ndizo tamu kuliko zote. Visiwa vilikuwa na stempu zao tangu 1895, mwanzoni stempu za India zilizochapwa jina la Zanzibar juu yake, kisha za masultani, na jahazi lilionekana kwenye toleo la 1913 na kurudi tena na tena. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, stempu zilizokuwepo zenye picha ya sultani ziligongwa maneno "JAMHURI 1964", nyingine kwa mkono, ndipo zikaendelea kutumika. Kuishika moja ni kuona serikali mpya ikifanya kazi kwa vifaa ilivyovikuta mezani, siku za mwanzo kabisa. Lakini maneno ya kugongwa kwa mkono ni rahisi kuyaghushi, na nikiona yuko anayeuza nyingi kwa mkupuo, zote safi, zote zimegongwa sawasawa, siitoi pesa. Ninayo moja tu, iko kwenye bahasha, na ninajua ilitoka nyumba gani. Zanzibar iliendelea kutoa zake mpaka mwisho wa 1967.

Kuna stempu nyingine ambazo sizipi nafasi, na ninajua wapo wasiokubaliana nami. Kuanzia miaka ya 1980 nchi nyingi, yetu ikiwemo, zilitoa stempu kwa wingi mno zikilenga wakusanyaji wa nje: katuni za Disney, watu mashuhuri wa ng'ambo, vitu visivyotuhusu ndewe wala sikio. Ziliingiza fedha, na hilo silibezi. Ila nyingi sijawahi kuziona kwenye barua hata moja ya mtu wa hapa, na mimi ninachotafuta ni karatasi iliyofanya kazi.

Watoto ndio walionilegeza kidogo. Jumamosi huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu Temeke, kila mmoja na daftari lake, kila mmoja amechagua mada yake mwenyewe: mpira, nyoka, bendera, maua. Mmoja akachagua dinosaria, na stempu za dinosaria zinatoka hasa kwenye matoleo hayo nisiyoyapenda. Nilimpa zote nilizokuwa nazo, kisha nikamweleza habari za Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, meli zikaipeleka, na mifupa ya mjusi mmoja, mirefu kupita yote iliyosimamishwa makumbusho, imesimama mpaka leo kwenye jumba la makumbusho Berlin. Aliniuliza wapagazi walikuwa wanalipwa kiasi gani. Kisha akafungua ukurasa mpya, akachora watu wamebeba mzigo kichwani wakielekea baharini, na stempu akazibandika juu yao. Ukurasa huo ni mzuri kuliko mingi ya kwangu. Kinachonifurahisha ni kwamba sasa anabadilishana na yule wa nyoka, wanagombania mijusi, na wanasuluhishana kwa swali lile lile: nani ana cha kuandika?

Kwao kanuni ni chache. Kibano, si vidole. Usikate meno ya stempu ili itoshe kwenye nafasi. Ukipewa, andika umepewa na nani. Kibano nacho si lazima kiwe cha wakusanyaji: cha duka la vipodozi chenye ncha pana na laini kinafaa, mradi kisiwe na kingo za kukwaruza.

Kwa sasa ninatafuta jahazi la K.U.T. lenye muhuri wa bandari ya ziwani, Musoma au Bukoba au Kisumu, nilioanishe na maelezo ya pepo. Ninatafuta pia ile ya nne ya seti ya 1969, iliyotumika kwenye barua. Ninazo za kutoa: samaki wa 1967, vipepeo wa 1973, na Harambee mbili zenye muhuri mzuri. Mwenye stempu za treni naye alete, ila ajue zinakwenda Upanga moja kwa moja.